Filimbi Tatu

Siku ya kwanza ya mafunzo, kabla hatujapewa hata buti, mwalimu wetu alitupanga mistari miwili uwanjani akatuuliza kama kuna mtu mwenye shida ya kifua, ya macho au ya masikio. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, msomi wa mambo ya misitu, na sote tulimwita madam. Alisema anayeona haya kuzungumza mbele ya watu anaweza kumfuata baadaye ofisini. Wanajeshi wastaafu walinyamaza. Sisi raia watatu tuliochanganywa nao tulinyamaza pia. Kushoto kwangu alisimama baba mdogo, ndugu wa marehemu baba yangu, kifua mbele, macho mbele, mikono imebana mapaja. Hakujua kwamba kuna swali limeulizwa.

Mimi nilijua, na ndiyo sababu nilikuwa nimesimama pale.

Baba mdogo alitumikia jeshi kwenye mizinga. Alikuwa mmoja wa wale wanaosimama karibu kabisa na mzinga unapolia, na alifanya hivyo miaka mingi. Sikio lake la kushoto lilikufa kabisa. La kulia lilibaki na uhai kidogo, ukimkaribia na kuongea kwa sauti ya mtu anayeita ng'ombe. Alipostaafu alirudi kwetu Kabuchai, akapanda miwa kwenye kipande alichoachiwa na babu, kisha akapata kazi ya kulinda ghala la mahindi mjini Bungoma. Jumapili moja mchana, mwenye ghala akiwa kanisani, watu walikata mabati ya nyuma na kutoa magunia huku baba mdogo amekaa kwenye geti la mbele. Mwenye ghala aliporudi alimuuliza, "Mzee, hata mtoto mdogo angesikia mabati yakikatwa. Ulikuwa wapi?"

Baba mdogo alijibu, "Nililala."

Hakuwa amelala. Mama mdogo alituambia hivyo, na sisi sote nyumbani tulijua. Alifukuzwa kama mlinzi mvivu, na mtaani wakamcheka kwamba mwanajeshi mzima analala zamu mchana kweupe. Aliona afadhali hivyo.

Habari za mafunzo zilikuja kupitia ofisi ya chifu. Kulikuwa na mpango wa kuwafundisha wanajeshi wastaafu kuzima moto wa msituni na kutunza miti, na watakaofaulu wangeajiriwa kwenye vikosi vya moto katika misitu ya Cherangany na Mlima Elgon. Kila kikosi kingechanganywa na vijana wachache wanaofanya kazi za miti. Wakati huo mimi nilikuwa Kitale, nimepanga chumba Kibomet, na nilikuwa kibarua kwenye kitalu cha miche. Kazi yangu ilikuwa kujaza udongo kwenye vifuko na kumwagilia maji. Niliipenda kwa sababu miche haikuulizi kitu.

Baba mdogo alikuja Kibomet bila kutuma habari. Nilimkuta amekaa juu ya ndoo nje ya chumba changu, amevaa koti lake la kijani, fomu mbili zimekunjwa mfukoni.

"Hii ni yangu, na hii ni yako," alisema kwa sauti kubwa. Majirani waligeuka.

"Baba, mimi siwezi mambo ya moto," nilimwambia karibu na sikio lake la kulia.

"Nani amekwambia utafanya mambo ya moto? Wewe utafanya mambo yangu mimi."

Kisha akanieleza. Jeshini, watu wakipangwa kwenye gwaride, kila mmoja hujipima kwa mwenzake aliye kulia kwake. Hutupa jicho upande huo bila kugeuza kichwa. Mwenzake akisogea anasogea, akisimama anasimama. Miaka yake ya mwisho jeshini alikuwa ameishi hivyo, kwa jicho la kulia, na hakuna aliyegundua. Sasa alitaka kulia kwake asimame mtu anayejua siri, mtu atakayefanya kila kitu mapema kidogo, kabla ya wengine, ili yeye apate kufuata.

Alinifundisha pale pale uani kwa siku mbili, katikati ya kamba za nguo. Mimi ambaye sijawahi kushika hata filimbi ya refa. Watoto wa ploti, wa vyumba vya jirani, walisimama kutucheka. Nikichelewa kugeuka alinipiga kidogo kwenye kiwiko. "Wewe ndiye masikio yangu. Masikio hayachelewi." Nilijaza fomu. Sikuwa na namna ya kumkatalia. Yeye ndiye aliyenilipia shule mpaka darasa la nane, na yeye ndiye aliyenipeleka kutahiriwa baba yangu akiwa amekwisha kufa.

Kambi ya mafunzo ilikuwa juu kidogo ya Kachibora, pembeni mwa shamba la saiprasi na paini. Ilikuwa miezi ya kiangazi, kabla ya mvua za kupanda mahindi, na nyasi zilikuwa zimekauka mpaka zinavunjika ukizikanyaga. Asubuhi tulitembea tukiwa na mizigo mgongoni. Baadaye tulijifunza kupogoa matawi, kupunguza miti iliyosongamana, na kuchimba mstari wa ardhi tupu ambao moto ukiufikia unakosa cha kula. Tulipewa vipande vya mpira vilivyofungwa kwenye mipini mirefu, vya kupigia moto wa nyasi. Na tulifundishwa filimbi. Filimbi moja, simama ulipo. Mbili, hamia kwa mwenzako wa karibu. Tatu, acha kila kitu uingie kwenye weusi.

Weusi ni mahali palipokwisha kuungua. Madam alilirudia hilo kila siku: moto hauli mara mbili sahani moja, kwa hiyo ukizidiwa usikimbilie majani mabichi, kimbilia majivu.

Shida yetu ya kwanza ilikuwa sauti ya madam. Ilikuwa ndogo na ya taratibu, ya mtu aliyezoea kusikilizwa bila kupiga kelele. Wanajeshi wenyewe walilazimika kusogea. Baba mdogo hakupata hata neno moja. Aliangalia mdomo wake, aliniangalia mimi, na alipoona nyuso zimemgeukia alisema, "Ndio, madam!" kwa nguvu. Siku moja madam aliuliza nani bado hajapata chakula, na baba mdogo, sahani ya githeri mkononi, akaitikia hivyo hivyo. Watu walicheka mpaka wakashika matumbo.

"Huyu afande ni mchezo mtupu," alisema koplo mmoja mstaafu, mtu mrefu wa Bungoma aliyependa utani. "Anataka sahani ya pili, bana."

Walimpenda. Walidhani ni mcheshi. Mimi walinitania zaidi.

"Raia, hizo buti unavaa kama viatu za kanisa," koplo aliniambia. Kisha akamgeukia baba mdogo. "Afande, huyu kijana wako huongea kweli, ama ulimnunua bila betri?"

Baba mdogo aliwaona wanacheka, naye akacheka. Mimi niliangalia chini.

Kila mara waliuliza kwa nini raia asimame mstari wa mbele, tena kulia kwa mtu mzima. Baba mdogo alisema mimi ni mtoto wa ndugu yake, mwoga, na ameahidi nyumbani kwamba hataniacha mbali na macho yake. Walilikubali hilo haraka. Nilikuwa na sura ya mtu wa kuchungwa.

Tulifika wiki ya tatu bila kujulikana. Nilianza kufikiri labda itawezekana. Usingizi ulikuwa haunijii vizuri, na kila filimbi ilipolia mwili ulishtuka kabla sijafikiri. Lakini nilijiambia kwamba akishaajiriwa nitakuwa kikosi kimoja naye na tutaendelea hivyo hivyo mwaka baada ya mwaka, mimi kulia, yeye kushoto. Sikujiuliza ingekuwaje siku nikiugua.

Kisha ikaja siku ya msumeno wa mashine. Tulikwenda kukata miti iliyosongamana. Misumeno ilikuwa minne na kila mtu alivaa vikinga masikio, vile vikubwa kama vikombe viwili. Siku hiyo hapakuwa na aliyesikia. Madam alikuwa ametufundisha ishara za mikono: mti unaelekea kule, rudi nyuma, zima mashine, subiri. Wanajeshi karibu wote walichanganyikiwa. Walipiga kelele wakasahau kwamba wenzao wameziba masikio, walitazama upande usiofaa, mmoja alisimama kabisa kwenye njia ya mti mpaka akavutwa kwa mkanda.

Baba mdogo alikuwa kama mtu aliyerudi kwao. Aliona kila mkono ulioinuliwa. Alijua mti utaangukia wapi kabla haujaanza kuinama. Aliona tawi lililovunjika likining'inia juu ya kichwa cha koplo, akamsukuma kando, na tawi likaanguka pale pale koplo alipokuwa amesimama. Kutwa nzima hakunitazama hata mara moja. Mimi ndiye niliyemfuata.

Jioni madam alituita pamoja. Nilisimama karibu, nikasikia vizuri.

"Wengi wenu mnategemea kelele," alisema. "Mwangalieni huyu mzee. Anatumia macho. Kesho kutwa tukifanya mtihani wa moto, yeye ataongoza ubavu wa kushoto. Watu watano."

Akamkabidhi redio ya mkononi.

Watu walipiga makofi. Baba mdogo aliipokea kwa mikono miwili, akapiga saluti. Alikuwa ameelewa, kwa sababu redio huwa haipewi mtu wa kawaida. Uso wake ulifurahi sana. Mgawanyo ulibandikwa ukutani. Mimi niliwekwa katikati, kwenye kundi la koleo na maji. Kati yangu na ubavu wa kushoto kungekuwa na umbali wa kiwanja cha mpira.

Nilimkuta peke yake kwenye bomba, anafua ovaroli yake. Nilisimama kulia kwake.

"Baba, hii redio utaisikiaje?"

"Nitaiweka sauti mpaka mwisho. Nitaibana hapa." Aligusa mfupa wa nyuma ya sikio la kulia. "Hapa bado napata kitu."

"Na filimbi?"

"Nitaona watu wakikimbia."

"Kukiwa na moshi?"

Alikamua mguu wa ovaroli, akaukung'uta. "Nimekaa na mizinga, nishindwe na karedio?"

"Niende nimwambie madam akurudishe katikati? Si lazima nitaje masikio. Nitasema tu unataka tuwe pamoja."

Hapo alinigeukia. "Kijana wangu, unajua ni lini mara ya mwisho mtu aliniambia niongoze watu? Kule Bungoma walinipa filimbi na rungu, na bado wakaninyang'anya. Hii kazi nikiikosa nitarudi kukaa na miwa mpaka nife. Ukienda kwa madam, usiniite tena baba."

Sikuenda. Siku iliyofuata nilipita mlango wa ofisi mara tatu. Mara ya mwisho madam alikuwa ndani peke yake, anaandika, mlango uko wazi. Aliinua macho akaniuliza, "Unataka kitu?" Nikamwambia natafuta koleo. Akanionyesha stoo kwa kidole. Stoo nilikuwa naijua.

Mtihani ulifanyika kwenye mteremko uliovunwa saiprasi mwaka uliopita. Matawi makavu na magogo yaliyokataliwa yalikuwa yamelala kila mahali. Tuliwasha kutoka juu, ili moto ushuke polepole na utuachie weusi mgongoni. Sisi wa katikati tulikuwa karibu na weusi huo. Ubavu wa kushoto walisimama chini zaidi, ukingoni, wakiupiga moto usivuke kwenda kwenye miti iliyobaki. Nilimwona baba mdogo, kofia yake ngumu ya njano, redio imebanwa begani karibu na shingo. Aliwapanga watu wake watano kwa mikono tu. Walisogea vizuri. Kwa muda mrefu kidogo hapakuwa na kundi lililofanya kazi safi kuliko lao.

Gogo moja lililokuwa likiwaka liliunguza kisiki kilicholizuia kikakatika, likabingirika. Lilipita nyuma ya watu wa kushoto na kusimama chini yao, kwenye nyasi kavu. Nyasi zikashika. Moto huo wa pili ukaanza kupanda, na moto unaopanda mlima haufanani na ule unaoshuka. Unakwenda kama umeitwa.

Madam alipiga filimbi tatu. Akapiga tena tatu. Akaongea kwenye redio, na redio ya kiongozi wetu wa katikati ikasema kwa sauti yake ile ndogo, "Wote weusini. Wote weusini."

Tuliacha koleo na mabomba, tukaingia kwenye majivu. Watu wa kulia waliingia. Tukahesabiwa. Nilipogeuka niliona ubavu wa kushoto bado uko pale.

Wale watano walikuwa wamesikia. Wao wenyewe walisema baadaye, na hata kwa mbali nilikuwa nimeona vichwa vyao vikigeuka kuelekea filimbi. Waligeuza vichwa, kisha wakavirudisha kwa kiongozi wao. Kiongozi alikuwa anaendelea kuupiga moto uliokuwa mbele yake, mgongo wake kwa ule wa pili. Watu hao wametumikia jeshi nusu ya maisha yao. Walidhani afande ana sababu. Walidhani redio yake imempa amri nyingine. Basi nao wakaendelea kupiga.

Hapakuwa na mtu hata mmoja kati yao ambaye angethubutu kuondoka kabla yake. Nadhani wangekuwa wakulima wa miwa wa kule kwetu, wangekuwa wamefika barabarani zamani.

Madam alipiga filimbi mpaka ikakwaruza. "Kwa nini hawatoki?" alisema. "Kwa nini hatoki?"

Mimi nilijua kwa nini. Katika watu wote waliosimama kwenye majivu yale, nilikuwa peke yangu niliyejua. Nilifungua mdomo. Nilimwita, "Baba!" na sauti ikatoka ndogo, ya mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ya wakubwa. Hata ningeita kwa sauti ya ng'ombe kumi isingemfikia. Kilichobaki kilikuwa kukimbia kwenda kumshika. Amri ilikuwa kwamba aliyeingia weusini hatoki. Lakini hakuna aliyenishika, na miguu yangu haikuwa imefungwa. Nilisimama nikatazama kofia ya njano ikiingia na kutoka kwenye moshi.

Koplo, mmoja wa wale watano, ndiye aliyemgusa. Alisogea hatua kwa hatua huku akipiga moto, kama mtu anayeomba ruhusa, akamwekea mkono begani na kumwonyesha nyuma. Baba mdogo aligeuka. Niliona anavyoinua mikono yote miwili, anawasukuma watu wake mmoja mmoja kuelekea juu, na yeye akawa wa mwisho kupita. Koplo alikuwa mbele yake tu, na ulimi wa moto ulimpata kwenye mkono wa kushoto, kutoka kiwiko mpaka karibu na kifundo.

Walifika weusini wakikohoa. Moto wa pili ulipanda nyuma yao, ukagusa majivu na kuishiwa.

Madam alimkalisha koplo juu ya jiwe, akaanza kumwagia mkono maji taratibu kutoka kwenye debe. Hakugombeza. Aliuliza tu, bila kuinua kichwa, "Nini kimetokea huku kushoto?"

"Redio ilikata, madam," alisema koplo haraka, ameuma meno. "Hizi redio ni takataka."

"Ilikata kabisa," mwingine akaongeza.

"Na filimbi? Nimepiga mara ngapi? Hata watu wa Kachibora wamesikia."

Madam alimtazama baba mdogo. Alisogea karibu yake na debe mkononi, akauliza kwa sauti kubwa ambayo sikuwahi kumsikia nayo, "Mzee! Ulisikia filimbi?"

Hilo alilipata. Niliona limemfika, kwa sababu alitulia kabla ya kujibu. Alijiweka sawa, visigino pamoja, uso mweusi kwa masizi.

"Nilisikia, madam. Niliamua tubaki."

Koplo alimtazama kama mtu aliyepigwa kofi na ndugu yake. Mkono wake ulikuwa unatoa maji na ngozi imeanza kujikunja, na mtu aliyemwokoa na tawi juzi alikuwa anasema mbele ya wote kwamba alimwacha motoni kwa kupenda.

"Uliamua," alisema madam.

"Ndio, madam."

Nilijua angeondoka nalo hilo. Angerudi Kabuchai akiwa mtu aliyekataa amri na kuunguza watu, na asingelikana mpaka kaburini.

"Hasikii," nilisema.

Madam aligeuka. "Umesema?"

"Madam, hasikii. Ni mizinga. Sikio moja limekufa na la pili ni kidogo. Mimi ndiye humsikilizia."

Baba mdogo aliona midomo yangu na aliona watu wote wamenigeukia, wengine vinywa wazi. Aliniuliza, "Unasema nini?" Sikujibu. Akanisogelea, akainamisha kichwa, akaniletea sikio la kulia. "Sema. Unawaambia nini?"

Ilibidi niseme tena, kwa sauti ya kumfikia, na sauti ya kumfikia yeye ilikuwa ya kuwafikia wote.

"Nimesema husikii, baba!"

Alinyanyua kichwa polepole. "Umenivua nguo," alisema.

Koplo alianza kulia. Sijui kama ni mkono au ni hilo.

Madam alirudi kwa koplo akaendelea kumwagia maji. Kisha akaniuliza kama nina kalamu. Nilikuwa nayo, na daftari la mafunzo lilikuwa kwenye mfuko wa ovaroli. "Mwandikie," alisema. "Sitaki kupigia mzee kelele mbele ya watu. Na mikono yangu imeshika hii." Akaanza kuniambia maneno, kwa sauti yake ndogo.

Mimi huandika polepole. Shuleni walimu walifuta ubao kabla sijafika katikati. Niliweka daftari juu ya goti, na baba mdogo akasimama juu yangu, anasoma kila herufi inavyotoka. Niliandika kwamba hili si kosa la nidhamu. Niliandika kwamba hataandikiwa barua mbaya. Majivu yalikuwa yanachafua karatasi. Niliandika, *Lakini mtu asiyesikia filimbi hawezi*, nikasimama, kwa sababu sikuwa na haraka ya kufika kwenye neno linalofuata. Nilisikia pumzi yake juu ya kichwa changu. Alisubiri. Kisha akaninyang'anya kalamu, akainama na kuandika mwenyewe, *kufanya kazi hii*, kwa mwandiko wake mzuri wa jeshini. Chini yake akaweka sahihi, ingawa hakuna aliyeomba sahihi.

"Muulize kama kuna kazi kwenye kitalu," alisema. "Miche haina filimbi."

Nilimuuliza madam. Alitikisa kichwa. Nafasi zilizotolewa zilikuwa za vikosi vya moto tu, alisema, yeye si wa kuajiri, angeuliza, lakini asimpe mzee tumaini. Nilimrudishia baba mdogo jibu kwa kutikisa kichwa vile vile. Halikuhitaji kuandikwa.

Nilichobadilisha kilikuwa sababu tu ya kuikosa kazi. Kazi ilikuwa imekwenda kwa njia zote mbili, na ile njia aliyoichagua yeye, ya kuitwa mkaidi badala ya kiziwi, nilikuwa nimemfungia.

Alivua redio, akaifuta kwa mkono wa shati, akaiweka juu ya jiwe karibu na madam. Akapiga saluti. Wale wanne waliokuwa chini yake walimrudishia saluti, na koplo aliinua mkono ule mzima. Mimi alinipita.

Nilimwomba madam ruhusa nimsindikize mpaka Kachibora apate gari la kwenda Kitale, na huko la Bungoma. Alinitazama. "Wewe ulijua tangu siku ya kwanza?"

"Ndio, madam."

"Hilo tutaliongea. Saa hii aliyebaki kazini haondoki hapa mpaka ardhi ipoe. Hata mimi."

Baada ya moto kulala huwa kuna kazi ndefu. Unapiga magoti, unavua glavu, unapapasa majivu kwa nyuma ya mkono, kisiki kwa kisiki, kwa sababu mzizi unaweza kuwaka chini kwa chini siku mbili na kuibuka mahali pengine. Ukigusa joto, unachimba, unamwaga maji, unachanganya kama uji, unagusa tena. Walinipa upande wa kushoto.

Nilikuwa kwenye kisiki cha nne nilipomwona kwenye barabara ya chini, amekwisha kubadilisha nguo, koti la kijani, mfuko begani. Alitembea katikati ya barabara kwa mwendo ule ule wa gwaride. Pikipiki iliyobeba mitungi ya maziwa ilikuja nyuma yake. Niliona mwendeshaji anapiga honi, anapiga tena, kisha anapunguza na kumzunguka kwa pembeni, mguu mmoja unaburuta mavumbini. Baba mdogo alishtuka ikiwa imekwisha kumpita.

Sikuwa na cha kumwita nacho, na neno baba alikuwa amenikataza. Niliweka nyuma ya mkono kwenye majivu. Pale palikuwa bado pana moto, nikachukua koleo nikaanza kuchimba.